Chiriku Anakuja

Kila asubuhi, kabla ya kufagia, kabla hata ya kujibu salamu ya mumewe, Mama Madoa aliwasha kompyuta ya studio na kuangalia kama bado imechelewa. Alibofya saa iliyo pembeni mwa kioo, akahakikisha mwaka ni ule ule wa zamani, ndipo akafungua programu ya kusafishia picha. Ikikaribia Desemba, aliivuta shati na kuirudisha Januari, kama mtoto anayetaka kuvuka barabara peke yake. Nje ya kompyuta wateja waliota mvi, wengine vitambi, wengine vyote viwili. Ndani yake mwaka haukuisha.

Haukuwa wazimu. Programu ile ilihitaji kibali cha kila mwaka kutoka kwa kampuni iliyoitengeneza, na kampuni ilishafunga milango zamani, ikamwacha mtoto wake yatima. Siku programu itakapogundua kwamba mwaka wa kibali umepita, itajifunga. Kwa hiyo kompyuta ile haikuwahi kuonja intaneti.

"Intaneti ina mdomo, mama," Chiriku alimwambia alipomfundisha. "Ukiiunganisha dakika moja tu, itaiambia leo ni lini."

"Kwa hiyo tunaidanganya."

"Tunaibembeleza. Kudanganya ni kazi ya brashi."

Chiriku alikuwa mwanawe wa pili, na jina hilo alilipata kwa haki: alizungumza usingizini, alizungumza akipiga mswaki, na mwalimu mmoja aliwahi kuomba likizo kwa sababu yake. Yeye ndiye aliyeileta kompyuta studio na kumtoa mama yake kwenye wino.

Maana Mama Madoa alianzia kwenye wino. Enzi za picha za kusafishwa kwenye chumba cha giza, kila chembe ya vumbi iliacha doa jeupe kwenye uso wa mteja, na yeye alikaa dirishani na brashi yenye nywele chache kuliko kichwa cha mumewe, akayaziba moja baada ya jingine. Hakuwahi kugusa alama ya kuzaliwa. "Doa la vumbi ni langu," alisema. "Doa la Mungu muulizeni mwenyewe." Kompyuta ilipoingia, alisusa. Hatasafisha uso wa mtu kwa kusukuma kipanya mezani kama anayepiga pasi.

"Ni brashi ile ile, mama, ila hii hainyonyoki," Chiriku alisema. Ili kumvuta, akamtengenezea brashi za programu kwa mkono wake na kuzipa majina. Ya kutoa weusi chini ya macho aliiita Usingizi wa Wiki. Ya kung'arisha meno, Meno ya Mchumba. Ya kupunguza pua, Samahani Shangazi. Ya kung'arisha ngozi aliiita Mkorogo wa Bure, na hiyo ilimlazimu Mama Madoa kugeuza kioo kila mteja alipoinama kuchungulia. Alicheka, akakaa, akajifunza. Baada ya muda hakuna aliyemfikia kwa kutoa vumbi.

Mumewe ndiye aliyesimama nyuma ya kamera. Mtaa mzima walimwita Bwana Sogeeni, kwa sababu neno hilo lilimtoka mara nyingi kuliko jina la mkewe. "Sogeeni. Bado. Sogeeni, jamani, sikuja kupiga picha ya ukuta." Familia zilizonuniana miaka ziligusana mabega kwa amri yake, zikatoka zimepatana, au angalau picha ilisema hivyo.

Na familia yake mwenyewe? Mganga hajigangi, na mpiga picha hajipigi. Kila mara mmoja wao alikuwa nyuma ya kamera, mwingine ndani na wino, binti mkubwa shuleni, baadaye kazini mji mwingine. Hawakuwa na picha hata moja ya wote wanne. Chiriku akaamua kuwaunganisha. Alimpiga picha kila mmoja peke yake mbele ya ukuta ule ule wa studio, kisha akawapanga ndani ya programu, kila mtu kwenye tabaka lake, kama karatasi za nailoni zilizolaliana: ukimsogeza huyu, yule hatikisiki. Baba kulia, Mama, kisha nafasi, kisha Dada.

"Na wewe?" mama yake aliuliza.

"Mimi naingia mwisho, nikishanyoa. Siwezi kukaa kwenye picha ya milele na kichwa kama fagio."

Akatengeneza tabaka la nne, tupu kabisa, akaliandika: Chiriku anakuja.

Wiki hiyo alitoka kwenda kupiga picha za harusi mji wa pili. Wakati wa kurudi gari lilipinduka. Kamera ilirudi. Yeye hakurudi.

Bibi harusi hakuthubutu hata kuulizia picha zake. Mama Madoa ndiye aliyesimama siku moja matanga yakiwa hayajaanuliwa, akakaa mbele ya kompyuta na kuzisafisha zote, kwa Usingizi wa Wiki na Meno ya Mchumba, wanawake waliokuja kumpa pole wakimtazama na vikombe mkononi. "Msichana wa watu hana kosa," alisema. Katika moja ya picha zile, bwana harusi alikuwa anacheka kwa jambo ambalo mpiga picha alikuwa amelisema. Lilikuwa jambo gani, hakuna aliyekumbuka.

Tangu hapo, kila asubuhi baada ya kuitazama tarehe, alilifungua kwanza lile faili la picha ya familia. Aliangalia matabaka: Baba. Mama. Dada. Chiriku anakuja. Kisha alilifunga na kuanza kazi za watu.

"Mama, picha zake zimejaa humu," binti mkubwa alimwambia alipokuja likizo. "Chukua moja nzuri, umweke."

"Alisema ataingia mwenyewe."

Binti akaangalia pembeni. Hakulirudia.

Bwana Sogeeni hakuwahi kukaa kwenye kiti kile. Ya kompyuta alijua mawili: kufungua picha na kuichapisha. Na alijua mwiko mmoja, kwamba isiunganishwe na intaneti. Habari ya tarehe hakuwahi kuambiwa. Mama Madoa hakumficha. Lilikuwa jambo dogo baina yake na mwanawe, na midomo yake haikupata njia ya kulisema.

Siku moja Mama Madoa alikwenda kumwona dada yake aliyekuwa anaumwa. Akaja mama mmoja na mtoto mchanga, anataka picha ya kumtumia mumewe aliyeko safarini. Bwana Sogeeni akampiga picha, akaichapisha. Programu ile ilikuwa na tabia ya kuandika tarehe kwenye kona ya picha, na Mama Madoa aliifuta kila mara, kama vumbi lingine lolote. Mumewe hakujua hata kwamba inafutwa.

Mteja aliitazama picha, jicho likakwama kwenye kona.

"Fundi, kwa tarehe hii mwanangu amezaliwa kabla sijaolewa."

"Ni mashine tu, mama. Imezeeka."

"Mashine imezeeka, mimi ndoa yangu bado changa. Mama mkwe wangu hana kazi nyingine ila kusoma kona za picha. Unataka nirudishwe kwetu na kitambaa cha kubebea mtoto?"

Bwana Sogeeni alicheka, na aibu ikampata. Kila asubuhi ya maisha yake alirekebisha tarehe za kamera zake. Kamera yenye tarehe mbovu kwake ilikuwa kama shati lenye kifungo kisicho mahali pake. Akaitafuta saa kwenye pembe ya kioo, akaisogeza mpaka leo. Kisha akafungua programu tena.

Mama Madoa aliporudi alimkuta mumewe ameketi nje, kwenye benchi la wateja, miguu pamoja, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Mama watoto," alisema, "nimeweka tarehe ya leo."

"Umeweka tarehe ya leo."

"Imekataa kufunguka. Nikairudisha ilivyokuwa, ikakataa vilevile."

Aliingia ndani, na kitenge cha safari bado kiko begani. Aliirudisha saa Januari, Machi, Agosti. Kila mara kioo kilimwonyesha sentensi ile ile: muda wa kibali umekwisha. Programu ikishaiona leo, huwezi kuishawishi tena kuwa bado ni jana.

Mumewe alisimama mlangoni. "Hukuniambia," alisema.

"Sikukuambia," alisema Mama Madoa.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, na hapo ndipo ulipoishia. Walikunywa chai bila kuitia sukari, na hakuna aliyegundua.

Binti mkubwa alikuja mwisho wa wiki na laptopu mpya, ndani yake programu mpya. Alinakili faili kwa flashi, akalifungua. Ilichukua muda kidogo, kisha wote watatu wakatokea kwenye kioo, mbele ya ukuta wa studio, wenye sura za miaka ile.

"Si mnaona," binti alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyekuwa na hofu njia nzima. Kulikuwa na kijidirisha cha maandishi katikati ya kioo. Aliking'oa kwa kubofya Sawa, kama tufanyavyo wote.

"Kilisema nini hicho?" Mama Madoa aliuliza.

"Hamna kitu, mama. Tabaka tupu limeondolewa. Huwa inajisafisha yenyewe, lile ambalo halina ki—"

Pembeni mwa kioo majina yalikuwa yamepangika vizuri: Baba. Mama. Dada.

Alijaribu tena kutoka kwenye flashi, akaligeuzageuza faili kila namna aliyoijua. Kila mara programu mpya ilitafuta kitu ndani ya tabaka lile, ikakikosa, ikalitupa.

"Nitatengeneza jingine," binti alisema. "Nitaandika maneno yale yale, mama. Herufi zile zile."

"Yeye aliandika akijua anakuja," Mama Madoa alisema. "Wewe utaandika ukijua nini?"

Binti alifunika uso kwa viganja. Mama yake alimpapasa mgongo, akaomba aonyeshwe brashi za programu mpya. Alizisoma kwa sauti, taratibu: Brashi Laini. Brashi Ngumu. Brashi Laini Ndogo. Hakucheka mtu.

Picha waliichapisha ilivyo. Baba, Mama, kipande cha ukuta, Dada. Bwana Sogeeni mwenyewe aliigongomelea ukutani nyuma ya kamera, mteja anapotazama.

Haikupita muda ikaja familia moja kubwa, baba mtu mcheshi, wa kupenda kusikika. Walipokuwa wanajipanga mbele ya kamera, jicho lake likatua ukutani.

"Bwana Sogeeni, sisi unatufokea tubanane kama dagaa, na nyinyi wenyewe mmeacha nafasi ya kupita baiskeli. Mmepiga picha ya ukuta?"

Watoto wake wakacheka. Bwana Sogeeni aliinama kwenye kamera. Familia ilimsubiri aseme neno lake. Hakulisema. Alipiga picha walivyosimama.

Picha ilipofika kwa Mama Madoa, kati ya wale watoto palikuwa na uwazi, ukuta wa studio unaonekana. Kwenye programu mpya ni kazi nyepesi kuwasogeza. Alitoa vumbi kwenye mabega ya baba mtu, akatoa doa kwenye kola, akaacha ukuta.