Mikono Miwili, Ndege Moja

Kahambu alishuka ngazi za ndege hasira imemfika kooni. Ndege iligonga lami vibaya pale uwanja wa Luano, abiria wakapiga makelele, na Komanda Mwansa, nahodha wa ndege, alikuwa amekwisha kuwaambia watu wa uwanjani: "Njo ule mutoto mwanamuke alitupa ndege chini."

Mutoto! Yeye, rubani msaidizi, mama wa watoto huko mtaa wa Kampemba.

Zamani kampuni yao ilirusha Boeing. Mle usukani wa marubani wawili umeunganishwa: mmoja akivuta, wa mwenzake nao unatembea. Rubani akipita mpaka wa usalama, usukani unakuwa mzito, lakini mwisho ndege inamtii. Sasa walikodi Airbus. Humu kila mmoja ana kijiti chake pembeni, na hakitikisiki mwenzake akigusa chake. Amri zinapita kwenye nyaya mpaka kwa kompyuta. Inajumlisha mikono yote miwili, na ikiona hatari inamkatalia hata komanda. Ndiyo maana anayeshika lazima aseme kwa kinywa, "J'ai les commandes", yaani usukani ninao mimi, mwingine aachie.

Mwansa hakusema. Alizoea kuchukua usukani kimya, kama baba anavyochukua kiti cha mbele. Karibu na lami Kahambu alivuta kijiti chake kwa kiasi, naye Mwansa akavuta chake. Pua ikapanda kupita kiasi, ndege ikakosa nguvu, puu! Sauti ya mashine ilionya kwamba mikono ni miwili, lakini ilichelewa.

Mkuu wa marubani, Papa Anaclet, akawaita wote ofisini.

"Mwana yangu, omba mukubwa pardon, biishe. Ukikatala, utabakia chini, hautaruka tena."

"Pardon ya nini, Papa? Alishika kimya!"

Mwansa akacheka; baba yake Kahambu alikuwa mfanyabiashara tajiri wa maharagi. "Sikia ye! Maharagi ya baba yake njo inamupa kinywa."

"Acha baba yangu na maharagi yake! Ulisema 'J'ai les commandes'? Ulisema?"

"Miye niombe mutoto ruhusa?"

Anaclet akamgeukia Mwansa.

"Kumbe haukusema," akasema. "Basi weye njo utabakia chini. Utarudia masomo."

Mwansa akatoka, akaubamiza mlango. Hakuna aliyemwomba Kahambu pardon, hata Anaclet.

Kesho yake Kahambu aliruka na Anaclet mwenyewe. Walipokaribia lami, mzee akapaza sauti: "J'ai les commandes!"

Kahambu akaachia kijiti. Lakini meno aliyauma bado; pardon yake haikuja.