Kutu ya Kisima cha Mapinga

Dada yangu alipoachwa na mumewe alikataa kwenda kukaa Dunda kwa kaka yetu mkubwa. Alijenga kibanda Mapinga, kwenye shamba la marehemu mama, akachimbisha kisima, akaendelea na kazi yake ya kushona kofia. Mimi nilikuwa nimetoka mashamba ya mkonge, sina pa kwenda, nikabaki kumsaidia kupanda mihogo.

Kisima kilitoa maji mengi, lakini yalikuwa na kutu. Yakivutwa tu yanang'aa. Ukiyaacha mpaka alasiri yanageuka mekundu. Ukiyapikia chai inakuwa nyeusi kama wino. Kofia nyeupe aliyoinamia majuma kadhaa, alipoifulia humo, ilitoka na rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Hakuna aliyeitaka. Habari zikafika Dunda, na kaka akatuma neno kwamba dada afungashe, atakuja kumchukua baada ya Ijumaa.

"Aje," dada akasema. "Atanikuta nashona."

Shule niliiacha mapema, ila kuuliza sikuacha. Asubuhi moja nikivuta maji niliitazama kamba ya ndoo. Ilikuwa ya usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, na sehemu inayozama ilikuwa imeiva wekundu. Niliisugua kwa sabuni, haikutoka. Nikawaza: ikiwa kamba inashika kutu bila kuagizwa, nikiipa kazi hiyo makusudi je?

Nikachambua makumbi mabichi, nikayashindilia ndani ya debe nililolitoboa chini kwa msumari, nikamimina maji. Yalitoka meusi.

Dada akachungulia. "Haya fundi, tufungue duka la wino."

Niliyamwaga, nikashika njia ya ufukweni kwa wanawake wanaopiga makumbi. Nilimkuta bibi mmoja peke yake, rungu mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanamume mzima unatafuta nini matopeni?"

Nilipomweleza alicheka mpaka akaliweka rungu chini. "Kumbi bichi lina rangi yake, mjukuu wangu! Sisi tunalifukia matopeni miezi na miezi, bahari iinyonye rangi hiyo, ndipo tunalipiga. Wewe umemtoa mtoto kwenye ziwa la mama ukampa jembe."

Alinipa mzigo wa usumba, kwa sharti nimalizie kupiga rundo lake. Niliondoka pale viganja vimetoka malengelenge.

Nyumbani niliusuuza usumba mpaka chumvi ikaisha, nikaushindilia debeni. Maji niliyaacha yalale mtungini, yageuke mekundu kwanza, kisha nikayamimina polepole. Yalichuja nusu nusu, chembe nyekundu bado zinapita. Nikafumua, nikashindilia upya kwa mguu, nikatandika mchanga chini. Nikamimina tena. Safari hii yalitoka meupe.

Dada hakuniamini. Aliyaweka kwenye bakuli jeupe mpaka kesho yake alasiri. Hayakugeuka. Akafua kwanza kitambaa kibovu. "Siitii kofia yangu majini kwa maneno ya mtembezi," alisema. Kitambaa kilipokauka kikiwa cheupe, ndipo alipofua kofia zake, akazitia wanga wa muhogo na kuzivisha kwenye vibuyu zikauke.

Kaka alifika na lori la kuazima. Salamu zilipokwisha hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye vibuyu, akavua kofia moja, akaigeuza ndani na nje, akalowesha kidole na kuisugua.

"Umefulia maji ya nani?"

"Ya kisima changu."

Akalichungulia debe, akavuta unyuzi mwekundu na kuunusa. "Na huu ukishiba kutu?"

"Unatolewa, unatiwa mwingine. Bibi wa makumbi tumeshaelewana," nikamjibu.

Kaka akaijaribu ile kofia kichwani. Ilimkaa.

"Basi hii ntavaa Idi," akasema.

"Utavaa," dada akamjibu, huku akinyoosha mkono, "ukishainunua."