Majani Yaliyokunywa Zamu ya Mama

Kaka yangu alirudi kutoka mafunzo ya kilimo na kiroba cha pingili za mabingobingo, yale majani marefu yenye mashina kama matete, akatangaza kwamba hizo ndizo kuni za kesho. Ukiyapanda mara moja, alisema, utayakata miaka na miaka. Mama alikuwa anachemsha chikichi kwenye pipa, apate mawese ya kuuza soko la Mwanga, na machozi ya moshi yanamtoka. Akampa kaka nusu ya bonde letu la Mwandiga, ubavuni mwa magimbi yake. Magimbi hayo ndiyo tuliyokula kiangazi chote.

Kaka alitaka kujua majani yanapenda nini. Ya juu aliyaachia mvua ya Mungu. Ya chini, jirani na mfereji, aliyamwagilia na kuyawekea mbolea. Mfereji ule tunagawana kwa zamu: siku yako ikifika unauziba kwa mgomba na tope, maji yanageukia kwako. Kiangazi kilipokolea, mama akamwachia kaka zamu yake. Mimi nilibisha, na sauti yangu si ndogo.

"Mama, magimbi yatakunywa nini?"

"Nyasi zikikua sitapanda tena mlima kutafuta kuni. Nina kifua, mwanangu. Niache."

Nilimwacha.

Majani ya chini yalimpita kaka kimo, watu wakaja kuyashangaa. Ya juu yalibaki membamba, yamepauka, na hakuna mgeni aliyepelekwa huko. Magimbi nayo yalijikunja. Tulipoyachimba, mengi yalikuwa kama kidole gumba, na mama akayapika hayohayo.

Siku ya kuchemsha chikichi, kaka alikata yale manene, akayaanika kidogo tu kwa haraka ya kutuonyesha. Ndani yalikuwa yamejaa maji. Yalitoa moshi mtupu, na mama alikohoa mpaka akakaa chini, kitenge mdomoni. Nikapanda kwenye yale membamba yaliyojikaukia yenyewe, nikarudi na mzigo. Hayo yaliwaka sawasawa. Pipa likachemka, ila yaliisha kabla ya pipa la pili, maana yasiyolishwa ni haba.

"Mwakani tutayapunguzia maji yakikaribia kukatwa," kaka alisema. Huenda alikuwa sahihi. Lakini mwaka huo ulipofika alikuwa Dodoma, amepata kazi.

Nilijaribu kuyang'oa kwa jembe. Mizizi ilikuwa imeshikana chini kwa chini, na mvua ya kwanza iliyaotesha tena, mengine katikati ya matuta ya magimbi. Mama akarudi mlimani kutafuta kuni na kifua chake kilekile.

Kiangazi hiki nilimkuta bondeni siku ya zamu yake, ameziba mfereji. Maji yote yalikuwa yanakwenda kwenye majani. Magimbi yalikuwa makavu.

"Mama, hata kukatwa hayakatwi."

"Jana kwenye simu kaka yako aliniuliza kama yanaendelea vizuri," alisema. "Nikamwambia ndiyo."

Niliona uchungu, kwa ajili ya mama na kwa ajili yangu niliyebaki nyumbani. Nikavua viatu, nikahamisha tope, nikayageuzia magimbi maji. Mama hakunizuia. Ila hakunisemesha mpaka jioni.