Ndoo ya Pilipili

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ndiye anayeshika ufunguo wa bomba la mtaa wetu. Msimwone kanyamaza mkadhani ni mpole. Ukimletea fujo anafunga bomba, anakaa kwenye kigoda chake na kukutazama mpaka ujione mjinga. Na foleni yetu ni ya ndoo, si ya watu. Unaweka ndoo yako asubuhi, unakwenda zako kupika. Ndoo inakushikia nafasi, na ole wake atakayeisogeza. Wifi anaijua kila ndoo na mwenyewe.

Aliyekuwa akimkosesha raha ni jirani yetu, Pilipili. Jamani, yule mama! Domo hilo, mchana kutwa. Miaka na miaka anamwita wifi mwizi wa maji mbele za watu, na wifi hamsemeshi. Mimi ndiyo kabisa, nikimwona nageuza uso.

Halafu ukaja mkutano wa umoja. Tuliambiwa twende sote, tupige makofi, tuwe kitu kimoja. Pilipili akasusa. Akasimama mlangoni kwake na kupaza sauti: "Mwanangu yuko ndani tangu mwaka jana, hajapelekwa mahakamani, hata kosa lake silijui. Nipige makofi ya nini?" Sisi wengine tulikwenda. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha, kwa woga tu.

Wiki haikwisha, amri ikashuka: waliosusa wasipewe maji, na Pilipili anatafutwa.

"Mnyime, yaishe," nikamwambia wifi. "Kwani yeye amewahi kukuonea huruma?"

Alikuwa anamenya viazi. "Wifi, maji si zawadi ya kupiga makofi. Ni haki ya mtu, awe na domo au asiwe nalo. Nikimnyima kwa kuwa simpendi, basi siku nikichukiwa mimi nitamlilia nani? Na huo umoja utakuwa wa nani na nani?"

Nikasonya. Nilimwona mkaidi, na niliona ukaidi wake utatumaliza.

Kesho yake wakaja wanaume wawili, gari wakaliacha pembeni likinguruma. Hawakuwa wa mtaani, sura zetu hawazijui.

"Mama," mmoja akamwambia wifi, kwa adabu iliyonitia baridi kuliko matusi, "ndoo ya Pilipili ni ipi?"

Ilikuwa pale pale, nyekundu, karibu na miguu ya wifi. Wifi akanyoosha kidole kwenye ndoo ya bluu, nyuma kabisa. Ala! Ndoo yetu!

Yule mtu akaenda kuikanyaga ile ya bluu. "Tutamngoja. Foleni ikiisha hajatokea, tunaondoka na wewe."

Haukupita muda, Pilipili huyo anakuja. Nikajua atatuumbua. Yule mama hawezi kusikia neno limekosewa akaliacha. Mwanamke mmoja akamnong'oneza sikioni. Pilipili akamtazama wifi, akatazama mguu juu ya ndoo ya bluu. Akakinga maji kwenye ndoo yake nyekundu, akajitwika, akaenda zake bila hata kuguna. Nikamlaani moyoni: yeye kapona, sisi tumekwisha.

Foleni ikapungua, ikabaki ndoo ya bluu peke yake. Waliokwisha kuteka hawakuondoka. Walisimama tu, na woga umewajaa machoni. Wale wanaume wakamshika wifi mkono.

"Mwacheni!" Alikuwa Pilipili, anarudi mbio, khanga inamvuka. "Pilipili ni mimi. Ndoo hiyo ni yangu. Huyu hana hatia, ila kudanganya hajui."

"Mwongo huyo!" wifi akafoka. "Ndoo ni yangu."

"Ya kwako tangu lini?"

"Tangu niinunue! Rudi kwako!"

Wakaanza kugombana vile vile kama siku zote, huyu kashika kishikio cha ndoo na huyu kashika kishikio, na wale wanaume katikati hawajui wamkamate nani. Sifichi, niliogopa. Lakini nilimtazama wifi, nikawaza nitarudije nyumbani bila yeye, nimwambie nini kaka. Mkono wangu nao ukakishika kile kishikio.

"Ni ya kwetu sote," nikasema.

Wakatusukumia garini sote watatu. Njia mbovu, gari likaenda polepole. Nilibanwa katikati, sijui tunapelekwa wapi, sijui kama tutarudi. Nikageuka kutazama nyuma. Wale wanawake walikuwa wanatufuata kwa miguu, ndoo zao zimejaa wameziacha bombani bila mlinzi.

"Wapo?" Pilipili akaninong'oneza.

"Wapo."

Gari likakata kona. Akanishika mkono, wake wa baridi kama wangu.

"Tazama tena," akasema.