Kijicho cha Taa Mbele ya Wakwe

Nichekeni tu, wapenzi wasomaji, lakini mjifunze pamoja nami. Juzi mzungu wetu, mkuu wa mafundi umeme, alinipa kazi ya kufunga taa mpya mbele ya ukumbi wa kambi ya wafanyakazi wa mgodi, hapa Kolwezi. Taa hiyo ina kijicho kinachohisi mwanga: giza likiingia kinaiwasha, kukipambazuka kinaizima. Nikawaalika wazazi wa Ngalula, mchumba wangu. Walikuwa bado hawajanikubali, nami nilitaka waone kwamba binti yao ataolewa na fundi wa kweli.

Jioni tukasimama chini ya nguzo pamoja na majirani. Giza likaingia, taa ikawaka! Akina mama wakapiga vigelegele. Ikazimika. Ikawaka tena. Ikazimika.

"Ni mawingu," nikasema. "Ubaya wa kijicho ni huo, wingu huweza kukidanganya."

"Mawingu gani?" akauliza mama mkwe. "Hii lampe inanikonyeza mbele ya bwana yangu!"

Watu wakaangua kicheko. Tata mkwe, baba yake Ngalula, peke yake hakucheka.

"Mutoto yangu, unifasirie polepole. Hiyo jicho ikiona mwangaza, inafanya nini?"

"Inazima taa, tata," nikamjibu kwa upole wa mwalimu. "Ndiyo faida yake, kuran, huo umeme, haipotei bure."

"Na sasa inaangalia wapi?"

Sote tukainua vichwa. Kijicho kilikuwa kimeikodolea taa yenyewe. Ni mimi niliyekigeuza hivyo, nikiamini kwamba jicho lazima lione kazi yake.