Kura ya Mama

Mama yangu hakuwa na herufi L. Wengi wetu, Wakikuyu wa Thika na Ruiru, hatukuwa nayo. Tulisema "rara" na "rori", tukawashangaa watu wa pwani waliotucheka. Mimi niliipata shuleni, tena kwa kiboko. Mama hakwenda shule, kwa hiyo alibaki na R yake hadi alipozikwa, na R hiyo ndiyo iliyotuponza mwaka ule kanju, yaani baraza la mji, walipoamua kuubomoa mtaa wetu.

Tuliingia mtaa huo tukitokea Ruiru. Baba alikuwa kibarua wa kahawa huko, na chumba tulichokaa kilikuwa cha shamba. Baba alipofariki, nyapara alikuja kutoa pole, na kabla hajamaliza chai akauliza tutaondoka lini, maana chumba kilikuwa kinangojewa na mtu mwenye nguvu za kuchuma. Dada yangu alikuwa ameshaolewa. Kwa ndugu za baba, huko riziavu, ardhi waliyotengewa watu wetu, hakukuwa na hata tuta moja la shamba kwa mjane mwenye binti. Basi tukaja Thika, mama amebeba sufuria lake kubwa kichwani, mimi nimebeba mwiko na mablanketi.

Mtaa ulikuwa nyuma ya maduka ya Wahindi, pale ardhi inapoanza kuteremka kwenda mto Chania. Nyumba zilikuwa za udongo, paa za madebe yaliyopondwapondwa yakanyooshwa. Mvua ikinyesha ulilazimika kungoja ikatike ndipo umalize ulichokuwa ukisema. Niliupenda mtaa ule, na mtu akiniambia ulikuwa uchafu mtupu namkasirikia hata leo. Mama alipika uji na githeri ya mahindi na maharagwe, akawauzia wafanyakazi wa kiwanda cha magome ya miti ya miwati. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, nashona vifungo kwa fundi mmoja Mhindi.

Chumba cha pili, upande wa pili wa ukuta, alikaa mzee aliyetengeneza viatu vya tairi. Ukuta ulikuwa mwembamba hivi kwamba mama akipiga chafya yeye alijibu. Hakuwa na mke wala mtoto, na sikumsikia akilalamika kwa hilo. Kila jioni alikula kwetu, na miguu yetu haikupata kukosa viatu. Mama alimwita Guka, yaani babu, na mimi nikamwita hivyo hivyo.

Mimi mwenyewe mama aliniita "maitu", yaani mama yangu. Kwetu binti wa pili huchukua jina la mama ya mama yake, na mama alilichukulia jambo hilo kwa uzito kabisa. Nikiunguza uji alifura, akafungua mdomo kunigombeza, kisha akakumbuka kwamba mtu hamgombezi mama yake. Akaufunga. Nilitumia vibaya bahati hiyo mara nyingi.

Habari za kubomolewa zililetwa na fundi Singasinga aliyekuwa akijenga nyumba za mawe ng'ambo ya reli. Alisema mjini patakuwa na maduka mapya yenye vioo na kituo cha mabasi, na pahali pa kuyaweka ni pale tulipolala sisi. Nyumba zake za mawe ndizo tungehamia, ila zilikuwa chache kuliko watu. Wakati huo Imajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, ilikuwa haijaisha, na mtu wa kwetu asiye na nyumba mjini hakugongewa muhuri kwenye pasi yake ya kukaa mjini. Alipandishwa lori akarudishwa riziavu. Mama alikuwa ameshafukuzwa nyumba moja, na huko riziavu hakuwa na pa kuweka hata yale mafiga matatu ya jikoni. Nilimwona akihesabu nyumba za Singasinga kwa kidole kila tulipopita kwenda kuchota maji, akifika mwisho anaanza upya, utadhani zingezaliana.

Ndipo askari wa kanju akaja na faneli yake ya bati ya kupazia sauti, akasimama katikati ya mtaa, akatangaza kwa sauti ya kupasua masikio: "Jumamosi asubuhi, watu wote waje ofisini! Nyumba mpya zitatorewa kwa kura!"

Sasa elewa hali yetu. Hakuna mtu katika mtaa ule aliyekuwa amepiga kura maishani mwake. Neno hilo hatukulijua. Lakini "kura" tulilitamka kila siku, mara tatu kwa siku tukibahatika: ndivyo tulivyoita kuweka chakula mdomoni. Askari naye alikuwa mtu wa kwetu, mwenye ulimi kama wetu. Basi wote tulisikia kwamba nyumba zitatolewa kwa kula. Hata mimi, na L yangu ya kiboko.

Wanawake walikutana kwetu jioni ile. Mmoja aliuliza ni kula kwa namna gani, na mama akamweleza bila kusita.

"Kwani wewe umeona mtu akipewa shamba bira watu kura pamoja? Au kupewa mke? Hata mbuzi wa kukopesha mnakunywa uji kwanza. Kanju wamejifunza adabu, na sisi tusiwaaibishe."

Hakuna aliyembishia. Guka alisema tu kwamba kanju anaowajua yeye hula bila kualikwa, na mama akamwambia anyamaze amenye viazi.

Walipika tangu Ijumaa. Mama alitoa mahindi na maharagwe yote aliyokuwa nayo ya kuuza, akamchinja beberu wake wa pekee, yule aliyekuwa akitafuna vifungo vyangu. Kulikuwa na irio ya viazi vilivyopondwa, githeri, mchuzi wa nyama, na uji katika vibuyu. Asubuhi ya Jumamosi tulipanga mstari tukaelekea ofisini, sufuria vichwani, wanawake wakiimba. Askari wa langoni waliona msafara wa Wakikuyu unawajia na moshi juu yake. Mmoja alishika bunduki. Mama alimsogelea akafunua sufuria, harufu ikampiga usoni, na ile bunduki ikarudi begani.

Karani wa nyumba alikuwa mtu wa Mombasa, mwembamba, mwenye Kiswahili kilichotiririka na kofia nyeupe iliyotariziwa. Mbele yake mezani palikuwa na debe la biskuti lililojaa vikaratasi. Alitoka akatazama sufuria, akatutazama sisi.

"Mama zangu, ni harusi ya nani?"

"Ya nyumba," mama akasema. "Mmetuita kwa kura, tumekuja kura. Kaa chini, mwanangu, umekonda sana."

Karani alilirudia neno lile mdomoni. Kisha akaelewa. Alicheka mpaka akaegemea nguzo, machozi yakimtoka, na nilitaka kumpiga kwa ule mwiko. Alipopata pumzi alishika debe lake akalitikisa.

"La, bibi! Si kula, ni kura. Mtu hutia mkono humu akatoa karatasi. Akitoa yenye nambari, ana nyumba. Tupu, hana."

Niliwaona wanawake wakilitazama debe lile dogo, kisha sufuria zao. Mama ndiye aliyefungua kinywa kwanza. Alisema chakula hakirudi nyumbani, karani afanye kazi yake na yeye atafanya yake, akaanza kupakua. Aliwapakulia askari, wafagiaji, hata Mzungu mmoja aliyechungulia dirishani, naye akala irio amesimama.

Karani alikuwa akiita vyumba kwa zamu. Guka alitia mkono, akatoa tupu. Alikipindua kikaratasi akaangalia nyuma yake, akakirudisha mezani kwa adabu. Kilipoitwa chumba chetu, mama alikuwa na sahani mkono huu na mwiko mkono ule, na watu kumi mbele yake.

"Maitu," akanipigia kelele, "nenda utie mkono!"

Nilienda. Nakumbuka ubaridi wa lile bati. Nilishika karatasi moja, nikaiacha, nikashika nyingine. Sijui kwa nini niliiacha ile ya kwanza, na nimejiuliza miaka yote hii. Niliyotoa ilikuwa tupu.

Nilimpelekea mama. Hakuweza kusoma, lakini karatasi tupu haihitaji shule. Aliitazama, akaniangalia mikono.

"Mikono imejaa mafuta ya mbuzi," akasema. "Iriyoandikwa imetereza." Akampakulia aliyefuata. Nililia nyuma ya ofisi peke yangu, kwa hasira na kwa aibu, kwa sababu nilijua tumepoteza nyumba kwa mkono wangu.

Mtaa ulibomolewa baada ya wiki mbili. Madebe ya paa yalipigiwa mnada. Hatukupandishwa lori, na hilo nalo ni kwa sababu ya yule mbuzi. Kila mwanamke aliyepata nyumba ng'ambo ya reli alikuwa amepika na mama au amekula chakula chake, na wakamwandikisha mama kwenye pasi kuwa dada yao, mmoja baada ya mwingine. Kanju wangeangalia vizuri wangegundua kwamba mama alikuwa na dada wa kutosha kujaza kanisa. Tulilala wiki kwa huyu, wiki kwa yule, sakafuni kati ya watoto. Walitupokea kwa moyo mweupe, lakini mtu anayelala kwa watu hujifunza kukohoa polepole. Mama, ambaye zamani sauti yake ilisikika mpaka mtoni, alianza kunong'ona. Kila nilipomsikia akinong'ona niliuona ule mkono wangu ndani ya debe.

Guka hakuwa na dada wa kumwandikisha. Alihamia barazani pa duka la Mhindi mmoja mkarimu, akalala hapo na nyundo yake na matairi yake, na jioni mama alimpelekea sahani. Askari wakipita usiku walijua sauti ya nyundo, nao pia walivaa viatu vyake. Walimwacha.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mwaka mzima na zaidi. Kisha mtu mmoja wa reli akahamishwa, nyumba moja ya mawe ikabaki wazi. Karani akatangaza kura tena, safari hii kwa waliokosa na bado wapo mjini. Tulikuwa wachache, maana wengi walikuwa wamekwisha chukuliwa na lori. Guka alikuja amevaa koti. Mama alikuja bila sufuria, mikono miwili mitupu.

Ilipofika zamu yetu, niliiweka mikono yangu nyuma. "Tia wewe," nikamwambia. "Mimi sigusi."

Mama alinikazia macho. Alinishika kiwiko, akanisogeza mezani mbele ya watu wote, na kwa mara ya kwanza tangu tubomolewe nikaisikia ile sauti yake ya zamani.

"Nimebeba jina ra mama yangu tumboni miezi tisa nikakupa wewe. Mama yangu hawezi kuninyima nyumba mara mbiri. Tia mkono, maitu!"

Nilitia. Safari hii niliing'ang'ania karatasi ya kwanza niliyogusa. Karani aliifungua yeye, akasoma nambari ya nyumba kwa sauti. Mama alipiga vigelegele vitano, kama anavyopigiwa mtoto wa kiume aliyezaliwa, na karani akavua kofia yake.

Guka alikuwa ametia mkono kabla yetu. Alikuwa ametoa tupu, na katika furaha yangu sikuwa nimeangalia.

Jioni ile tuliingia. Kilikuwa chumba kimoja cha mawe, chenye dirisha na kufuli, kinanukia saruji. Mama alipanga mafiga matatu uani, akawasha moto, akapika githeri. Alinituma nimwite Guka, naye akaja akaketi kwenye gunia, akazitazama kuta, akaligonga jiwe kwa kidole.

"Hapa ukipiga chafya sitakusikia," akamwambia mama.

Mama alimpakulia yeye kwanza, akajaza sahani mpaka ikawa mlima. "Ire ya karani irikuwa kura," akasema. "Na hii ni kura."

Mdomoni mwake maneno hayo mawili yalikuwa neno moja, lakini hakuna aliyepotea kati yetu. Guka alicheka mpaka akaweka sahani chini.

"Ire nimekosa mara mbiri," akasema. "Hii yako sijakosa hata siku moja."

Alikula yote, akafuta sahani kwa kidole, akashukuru. Kisha akachukua kofia yake akarudi barazani kwa Mhindi, kwa sababu sheria za nyumba zile hazikuruhusu mwanamume asiye ndugu kulala kwa mjane.