Mama Alipotengwa na Meza ya Bwana

Wakati wa vita vya pili vya Wazungu nilikuwa mwalimu wa kanisa katika mtaa mmoja wa Iramba, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Misigiri. Sikuwa mchungaji. Mchungaji alikuwa Mzungu wa misheni aliyetufikia mara chache kwa mwaka, akabatiza, akagawa chakula cha Bwana, akaenda zake. Siku nyingine zote kazi ilikuwa yangu. Nilifundisha kusoma, nilizika wafu, na nilishika daftari la washirika.

Baba alikuwa amekwisha kufa. Tulibaki watatu wa nyumba yake: mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume. Mdogo wangu alikuwa na kigugumizi kizito. Siku walipoandikisha vijana bomani, jina lake lilimkwama mbele ya karani mpaka askari wakaanza kucheka, nikalitaja mimi kwa niaba yake. Nimeikumbuka siku hiyo mara nyingi. Kama ningenyamaza, labda wangemwona hafai wakamrudisha nyumbani.

Mwanzoni barua zilikuja. Mwenzake mmoja aliyejua kuandika alimwandikia, nami nikamsomea mama, kisha mama akaniambia cha kujibu. Alitaka kila kitu kiandikwe: ng'ombe mwekundu amezaa, uwele umeliwa na ndege, paa la tembe limevuja upande wa ghala. Barua ya mwisho ilisema wanapanda meli kwenda nchi ya mbali, kwenye vita vya Wajapani. Baada ya hapo kimya, ingawa sisi tuliendelea kumwandikia. Yalipita mavuno, kikapita kiangazi, mvua ikaanza tena, na karani wa bomani kila nilipomwuliza alitikisa kichwa bila kuinua macho.

Mama alikoma kunituma bomani. Alianza kutoka nyumbani mchana bila kuaga. Mke wangu ndiye aliyeniambia: anakwenda kwa mama mmoja wa kijiji cha bondeni, njia ya Shelui, mwenye pepo wa utambuzi, anayewasemesha wafu.

Nilimwuliza mama waziwazi. Hakukana.

"Wewe umenifundisha kwamba wafu wako kwa Mungu," alisema. "Basi mwulize huyo Mungu wako mtoto wangu yuko wapi. Akikujibu, sitakwenda tena."

"Mama, Maandiko yanakataza. Unakumbuka yule mfalme aliyekwenda kwa mwanamke wa namna hiyo, na jinsi alivyokufa vitani kesho yake."

"Yule mfalme alikuwa anatafuta kushinda vita. Mimi namtafuta mwanangu."

Safari yake iliyofuata nilimfuata kwa nyuma. Nilijiambia nakwenda kumtoa, na pengine nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Nilipofika kwenye lile tembe, mama alikuwa ameketi chini gizani ndani, na yule mwanamke, mtu mzima aliyevaa kaniki, alikuwa amejifunika shuka kichwani. Nilisimama mlangoni. Ningeweza kumshika mama mkono mara moja. Nilisimama nikasikiliza mpaka mwisho, kwa sababu na mimi nilitaka kujua.

Sauti iliyotoka chini ya shuka ilikuwa nyembamba, ya kijana. Ilisema kwa lugha ya kwetu, "Mama, nimekufa majini. Nina kiu. Mbona hamnipi kitu?" Mama alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, hata baba alipokufa.

Tulipokuwa tunapanda mlima kurudi, nilimwambia, "Mama, ile sauti haikushikwa na kigugumizi hata mara moja. Mwanao hakuwahi kusema maneno matano bila kukwama. Yule mwanamke hamjui."

Akasema, "Labda huko aliko wamemwondolea."

Wiki ileile alipika pombe ya mtama. Aliimwaga nyuma ya nyumba, mahali pa kale pa matambiko ya babu zetu ambapo kwa miaka mingi palikuwa pameota magugu tu, akalitaja jina la mtoto wake. Jirani waliona. Wazee wa kanisa wakaja kwangu watatu, wamevaa makoti yao ya Jumapili ingawa haikuwa Jumapili. Mkubwa wao alisema, "Mwalimu, mwaka jana ulimtenga mama wa watu kwa jambo hilihili. Tunakusikiliza."

Hawakuniuliza kama na mimi nilifika kule bondeni, wala sikuwaambia.

Jumapili iliyofuata nilisoma jina la mama mbele ya watu. Nililisoma kwa sauti ileile ninayosomea matangazo, maana niliogopa wasije wakadhani nampendelea. Alikuwa ameketi kwenye benchi la pili, mahali pake tangu kanisa lilipojengwa. Aliinuka, akachukua kanga yake, akahamia nyuma kabisa karibu na mlango, wanakokaa wasiobatizwa. Tangu hapo hakukosa Jumapili hata moja, na hakurudi mbele.

Nyumbani hatukugombana. Alinipikia, nikala. Lakini hakuniambia tena niandike barua. Kwake kijana alikuwa amekufa. Nani anamwandikia maiti? Nami ningeweza kuandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nambari yake ya jeshi nilikuwa nayo. Nilikaa mezani mara moja au mbili na karatasi mbele yangu. Nilikuwa na hasira na mama, na hasira hiyo ikamfikia hata mdogo wangu aliyekuwa mbali asiyejua lolote. Halafu, sina budi kulisema, moyoni mwangu ile sauti ilikuwa imenishinda. Niliyasema yote ya kuikanusha, na bado nikawa naishi kama mtu ambaye mdogo wake amekufa. Sikuandika.

Vita vilipokwisha, askari walianza kurudi. Mmoja, mwenyeji wa Shelui, alifika kwangu asubuhi akiwa na kofia ya jeshi na mguu mmoja unaoburuta. Alinikuta shuleni. Tuliketi nje chini ya ukuta.

"Mimi ndiye niliyekuwa namwandikia," alisema. "Pole, mwalimu. Alikufa kwa homa, hospitalini. Tulimzika vizuri, padri wa jeshi alisali."

Nikamwuliza lini. Alipokwisha kunieleza nilihesabu majira, nikarudia kuhesabu. Siku ile mama alipolia kwenye tembe la bondeni, mdogo wangu alikuwa hai. Alikaa hai karibu mwaka mzima baada ya hapo.

"Barua zenu zilikoma," askari aliendelea. Hakuwa ananilaumu, alikuwa anasimulia tu. "Zetu nasikia hazikuwafikia, zilipotea njiani. Lakini za kwenu zilikoma kabisa. Wenzake wakiitwa kupokea, na yeye alikuwa anakwenda kusimama. Mwisho akaniuliza kama nyumbani wamekufa wote."

Mama alikuwa anakuja njiani kutoka kisimani, ameona mgeni mwenye kofia. Nilikuwa na muda mfupi sana. Nikamshika yule askari mkono nikamwambia, "Usimwambie hivyo. Mwambie alikufa mapema, mara tu baada ya kufika. Mwambie hakuteseka. Mwambie alimtaja."

Alinitazama, akamtazama mama anayekuja, akakubali kwa kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja na mwanangu?"

Akamwambia kama nilivyomwagiza. Alikufa mara walipofika. Hakuteseka. Alisema, nisalimieni mama. Aliyasema vizuri, pengine kwa kuwa alikuwa amekwisha kuyasema kwa mama wengine njiani.

Mama aliutua mtungi chini. Hakulia. Aliuliza, "Mara walipofika? Wakati ule barua zilipokoma?"

"Ndiyo, mama."

Akanigeukia. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. "Umesikia, mwalimu. Yule mama wa bondeni aliniambia kweli. Ninyi ndio mliomwita mwongo."

Hapo ningeweza kusema. Askari alikuwa bado ameketi pale. Neno moja lingemwonyesha kwamba ile sauti ilikuwa ya uongo, na neno hilohilo lingemwonyesha kwamba mtoto wake alikaa mwaka mzima akisubiri barua ambayo hatukuandika. Nilifunga mdomo wangu.

Mchungaji alipokuja, alimwita mama ili atubu arudishwe kundini. Alikuwa mtu mpole, Mzungu yule, na alitaka sana arudi. Mama alimsikiliza kwa heshima yote. "Nikitubu nitakuwa nasema uongo," alimjibu. "Niliuliza, nikajibiwa, na jibu limethibitishwa na askari." Mchungaji aliniangalia mimi, akingoja nimsaidie kumshawishi. Niliangalia daftari.

Alikufa mwaka wa pili baada ya hapo, wakati wa mvua, kwa kifua. Kanuni ilikuwa wazi, na nilikuwa nimeitumia kwa wengine: aliyetengwa hazikwi na kanisa. Kengele haikupigwa. Sikuvaa kanzu, sikufungua kitabu cha nyimbo. Nilisimama na jamaa zetu kama mtoto wa marehemu, nikatupa udongo. Shangazi yetu, ambaye hakubatizwa, aliinama kaburini akamwambia mama, "Ukimkuta kijana, umwambie tumepata habari zake." Wazee wa kanisa walinigeukia wakingoja nimkataze. Sikumkataza.

Niliendelea kufundisha miaka mingi. Darasa la ubatizo kila mwaka huwa na mtu wa kuuliza kama wafu wanatusikia. Nimejibu sikuzote kwamba hawasikii, wamelala mikononi mwa Mungu, na anayedai kuwasemesha anadanganya watu wenye uchungu. Naliamini jambo hili. Nimelihakikisha kuliko wengi. Ndiyo sababu nikifika kwenye kaburi la mama kung'oa magugu, nafanya kazi yangu nimenyamaza, bila kumwambia lile nililomficha, kisha natoka.